Somo Kaja Hamburg

Somo aliponipigia simu kuniambia viza imetoka, nilishangilia kwa muda usiozidi dakika mbili. Dakika ya tatu nikakumbuka picha.

Nimeishi Hamburg mwaka mmoja na miezi minne, nasomea uuguzi wa wazee, na katika muda huo stetasi yangu ya WhatsApp imejipatia maisha yake yenyewe, mazuri kuliko yangu. Stetasi imeegemea Mercedes nyeusi ambayo mwenyewe simjui. Stetasi imesimama mlangoni pa hoteli kando ya ziwa la Alster, mkono kiunoni, kama mtu aliyetoka kunywa chai, ilhali aliyenipiga picha ni bawabu wa hoteli hiyo hiyo, akanirudishia simu na kusubiri niondoke. Iliyopendwa kuliko zote ni ya jioni moja: nyuma yangu ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie unametameta vioo juu ya mto Elbe, na chini nimeandika, "Jioni tulivu, jirani na nyumbani."

Jirani na nyumbani! Mimi nakaa Wilhelmsburg, kisiwani, ng'ambo ya mto, ghorofa ya nne isiyo na lifti, katika chumba ambacho ukijinyoosha kitandani vidole vya miguu vinagusa friji.

Na Somo si mtu wa kudanganywa. Tunaitana somo kwa sababu jina letu ni moja na tumekulia barabara moja, Ngamiani, Tanga. Hata nilipopeleka karatasi za mwaliko, mama aliyenihudumia alisoma jina la mwalikaji, akasoma la mwalikwa, akavua miwani, akauliza kama najialika mwenyewe. Somo ana duka la vitambaa Kariakoo. Dubai ameacha kuhesabu safari. Guangzhou anajua ghala gani wanapunguza bei na gani wanapunguza kitambaa. Mtu kama huyo huwezi kumsimamisha mbele ya jengo refu ukategemea atasema lo.

Tena kulikuwa na jambo la kanga. Miezi minane kabla ya safari alinitumia kifurushi kwa posta, doti mbili. Hakikufika. Akauliza wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaona haya mimi, kana kwamba posta ni ya baba yangu, nikamwandikia: "Nimezipata somo, asante, zimenikaa kweli kweli." Uongo mwepesi, wa kumpumzisha mtu roho. Sikujua kuwa siku moja atapanda ndege aje azitazame.

Alitua Jumatano mchana, mwishoni mwa Juni, akipitia Istanbul. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nimefagia, nimeazima godoro, nimekariri historia. Jambo moja tu lilinipita. Treni ya S1 iendayo uwanja wa ndege huenda nzima mpaka stesheni ya Ohlsdorf, kisha hukatwa vipande viwili: mabehewa matatu ya mbele yanakwenda uwanjani, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Kila mtu hapa mjini analijua hilo. Hutangazwa kwenye treni, tena si kwa Kijerumani peke yake. Mimi nilikuwa behewa la mwisho kabisa, macho nimefumba, nafanya mazoezi ya kumwelezea mgeni: huu ni mji wa pili kwa ukubwa Ujerumani, una watu zaidi ya milioni moja na laki nane, una madaraja mengi kuliko Venice. Nilipofumbua macho niliona miti. Miti, bustani, na mzee anatembeza mbwa. Poppenbüttel ni mahali pazuri mno pa kulelea wajukuu. Ndege hakuna.

Nilifika uwanjani nimechelewa saa nzima, natweta. Somo alikuwa amekaa juu ya mabegi yake katikati ya akina mama watatu wa Kituruki, kikombe cha kahawa mkononi, mmoja anamwonyesha picha za harusi ya bintiye. Walikuwa hawana lugha hata moja ya pamoja.

"Somo," akasema, "nilidhani weye ndiwe mwenyeji."

"Treni, mwenzangu. Ilikatika."

Na hapo sikudanganya.

Njiani nikamfundisha neno moja la kumtosha kwa siku zote tisa. Hapa Hamburg watu husalimiana "Moin", asubuhi, mchana na usiku, na wenyeji hutania kwamba ukilisema mara mbili tayari wewe ni mpiga domo. Somo akalijaribu kwa abiria wa kiti cha mbele. Akajibiwa. Akajaribu kwa wa nyuma. Akajibiwa. "Hili rahisi," akasema. "Ni mambo na poa kwa mkupuo." Tangu dakika ile hakupita mtu ambaye Somo hakummoini. Nami, kusema kweli, kwa mwaka na miezi minne nilikuwa nimelisema labda mara kumi, tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Tulipofika ghorofa ya tatu nyumbani nilimkamata mkono nikaweka kidole mdomoni. Pale anaishi bibi mmoja, mwembamba kama sindano ya kushonea mikeka. Amewahi kubandika vikaratasi mlangoni kwangu mara tatu. Mwandiko wa watu wa zamani, umelala wote upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Kwa Kijerumani changu chote cha darasani, nilichofanikiwa kusoma ni "Bitte" na alama mbili za mshangao. Sasa mtu akikwambia tafadhali kwa mishangao miwili, yaliyobaki unayajua: unapiga kelele, punguza. Tangu siku hiyo natembea na soksi ndani, redio nasikilizia sikioni, na nikisikia mlango wake unafunguliwa husimama ngazini kama mwizi mpaka apite.

"Kwa hiyo ghorofa nzima hii," Somo akanong'ona, akibeba begi la kilo ishirini na tatu kichwani bila kushikilia, "mwamwogopa bibi mmoja?"

Akaingia chumbani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kazi iliyoisha mara moja.

"Na sebule?"

"Umeikalia."

Hakusema neno. Akafungua begi, akaanza kutoa: ubuyu, achari ya embe, dagaa, mdalasini, binzari, iliki, na chini kabisa, kimezungushiwa mtandio, kinu kidogo cha mbao na mchi wake. Nikamwambia huku kuna mashine za kusagia. "Mashine husaga," akasema. "Haitwangi."

Kisha tukasubiri Magharibi, maana Somo, kama tulivyolelewa wote, chakula cha usiku hakigusi kabla ya kuswali. Saa moja jua lilikuwa bado lina nguvu za kuanika mihogo. Saa mbili vilevile. Saa tatu watoto wanacheza mpira chini. Kipindi hicho Hamburg jua huzama inapokaribia saa nne ya usiku, na Somo alikaa dirishani akilikodolea macho kama mtu anayesubiri mdeni wake atoke nyumbani. "Hili jua lenu," akasema mwisho, "halina mama wa kuliita lirudi?"

Tulipomaliza kula akanyoosha mkono. "Haya, nipe moja ya zile kanga nikaogee."

"Ziko kwa dobi."

"Kanga? Kwa dobi?"

"Huku ndivyo."

Akanitazama muda mrefu, halafu akachukua taulo.

Asubuhi alinitolea simu yake. Picha ya jioni tulivu. "Nipeleke hapa. Si jirani?" Tulishuka ngazi kwa soksi, tukavaa viatu nje, tukatembea mpaka stesheni, tukapanda treni, tukabadilisha, tukatembea tena. Dakika arobaini na kitu. Somo alikuwa akitazama saa yake. "Ujirani wa huku mpana," akasema.

Pale kwenye jengo nilitegemea historia inikomboe. Nikamweleza kwamba chini ni ghala la zamani la bandari, walikuwa wakiweka kakao, chai na tumbaku, na juu yake ndipo walipopandisha hilo wimbi la vioo. Tukapanda ngazi ya umeme ya mita 82 iliyopinda mgongo, ukiwa chini huoni inakokwenda, mpaka tukatokea kwenye baraza ya juu inayozunguka jengo lote. Mto chini, meli, winchi za bandari. Somo akatikisa kichwa kwa adabu. Amepanda marefu zaidi Dubai.

Ndipo nikamtajia bei. Mwanzoni mji uliambiwa utatoa euro milioni 77. Ujenzi ukaanza 2007, ukasimama, wakagombana, wakapelekana mbele, wakaanza tena. Ukumbi ulifunguliwa Januari 2017, na hesabu yote ilipojumlishwa ilikuwa milioni 866.

Sijawahi kumwona Somo akifurahi vile. Alishika ukuta. "Wajerumani?" akauliza. "Wajerumani hawa hawa?" Lazima mjue kwamba Somo anajenga Chanika, mwaka wa sita sasa, na fundi wake kila wiki ana saruji iliyopungua. Palepale akampigia kwa video, akamzungushia kamera jengo zima. "Tazama wenzio!" akapiga kelele, watalii wakageuka. "Sabini na saba ikawa mia nane na sitini na sita! Weye nilikuwa nakwita mwizi, baba, nisamehe, kumbe mwanafunzi tu!"

Nilicheka naye, na kicheko kikanilegeza, ndiyo maana sikuona mtego.

"Na ndani umeshaingia, kwenye muziki wenyewe?"

"Mara mbili hivi."

"Viti rangi gani?"

"Vyekundu," nikasema. Ukumbi gani wa maana hauna viti vyekundu?

Tukapita dukani kununua kadi za posta. Kadi ya kwanza kabisa ilikuwa picha ya ukumbi kutoka ndani, nafasi 2,100, zote za kijivu. Somo aliinunua. Akaitia mkobani taratibu, kama polisi anayetia kisu kwenye mfuko wa ushahidi.

Nikaona sasa nimpeleke kwenye kitu ambacho hakiwezi kunisaliti: maji. Nilikuwa nimemwahidi kwa simu safari ya boti ya kitalii. Kuna feri namba 62, inaondoka Landungsbrücken mpaka Finkenwerder, inapita mbele ya kila kitu ambacho boti za watalii hupita, na siri yake ni kwamba ukiwa na tiketi ya kawaida ya treni huongezi hata senti. Tukakaa juu, upepo unavuma, nami nikaanza maelezo kwa sauti ya kitabu. Somo hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akiwatazama abiria: kijana na baiskeli, mama na mfuko wa viazi, wanafunzi na madaftari, mafundi wamevaa buti wanasinzia.

"Somo," akasema.

"Naam."

"Hii pantoni."

"Ni boti ya—"

"Hii ni pantoni ya Kigamboni, somo yangu. Hata wanaosinzia ni wale wale."

Tuliporudi gatini nilimnunulia mkate wa samaki, chakula cha fahari cha mji huu: mkate mgumu, samaki wa kuvundikwa kwenye siki, vitunguu. Nilikuwa nauelekeza mbele ya kamera ili upendeze na mto nyuma, nikasikia upepo sikioni, mkononi nimebaki na mkate na kipande cha kitunguu. Yule ndege wa baharini, mweupe, mnene kama kuku wa Pasaka, alikuwa keshatua juu ya nguzo, mkia wa samaki unamning'inia mdomoni. Somo alikula wake amejiinamia, ameufunika kwa mtandio, mgongo kaugeuzia mto. "Umesahau kunguru?" akaniuliza. "Mwaka mmoja tu ushasahau kunguru?"

Ijumaa tulikwenda Speicherstadt, mji wa maghala ya matofali mekundu uliosimama majini juu ya nguzo, walioanza kuujenga mwaka 1883, na tangu 2015 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Njiani Somo akaona kibao cha "Schule" akasimama. "Hawa nao wametuibia neno!" Nikamweleza, kwa raha ya mtu ambaye walau jambo moja analijua, kwamba ni kinyume: shule tumeitoa kwao, na hela nayo imetokana na Heller, sarafu yao ya wakati wa ukoloni.

Somo akatembea hatua kadhaa kimya. "Kwa hiyo walituachia neno," akasema, "hela wakaondoka nayo."

Nikajaribu kutetea. Nikasema Hamburg na Dar es Salaam ni miji ndugu, wamewekeana udugu rasmi tangu 2010. "Ndugu gani," akajibu, "msiba wowote hajaja na mchele?"

Ndani ya ghala moja kuna makumbusho ya viungo. Nililipa kiingilio kwa ajili yetu wawili, nikiamini nitamfurahisha mfanyabiashara. Tukapanda. Magunia yamepangwa, yamefunguliwa midomo: karafuu, pilipili manga, mdalasini, manjano. Ruksa kushika, ruksa kunusa. Somo akapita gunia la kwanza, la pili, la tatu. Akageuka.

"Umelipa?"

"Nimelipa."

"Hela?"

"Hela."

"Umelipa hela kunionyesha jiko la mama yako."

Lakini hakuondoka, kwa sababu kwenye gunia la karafuu walikuwepo wazee wawili wa Kijerumani, mke na mume, mume ananusa karafuu kwa mashaka. Somo hakuweza kuvumilia. Akachukua moja, akaibonyeza kichwa kwa ukucha, akawaonyesha mafuta yanavyotoka, na kwa Kiswahili chenye mikono akawafafanulia namna ya kutambua karafuu nzuri na ile iliyokwishakamuliwa. Wakatikisa vichwa. Akahamia kwenye mdalasini, wakamfuata. Wakafuatwa na familia moja, kisha na vijana watatu wenye mabegi mgongoni. Kwenye iliki walikuwa watu kumi na moja. Mimi nilibaki nyuma nikitafsiri kwa jasho, na Kijerumani changu kinajua vizuri vidonda vya mgongoni na vidonge vya presha, sio iliki. Mwisho wa ziara yule mume alimpa Somo euro mbili mkononi. Somo akazipokea. "Kiingilio changu kinarudi," akasema.

Nadhani hiyo euro mbili ndiyo iliyomfungua macho. Jioni ile, bustanini, akamwona bwana mmoja anaokota chupa za plastiki, akauliza. Nikamweleza kwa kifupi, na laiti ningenyamaza: ukinunua kinywaji unaacha amana, chupa tupu ukiirudisha dukani mashine inakupa senti 25. Somo akatulia. Midomo ikawa inahesabu. Senti 25 ni kama shilingi mia saba.

"Chupa tupu?"

"Tupu."

"Na wengine wanaziacha hapa, kwenye majani?"

Sikuweza tena kumtembeza mji. Nilimwonyesha mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, yeye anatazama chini ya viti. Nilimteremsha kwenye ile njia ya chini ya mto ya mwaka 1911, mita 24 chini ya ardhi, akaniambia kule juu kwenye gati aliacha chupa nne. Mwenye duka Kariakoo, aliyekuja na tiketi yake mwenyewe, anatembea Hamburg na mfuko unaogongana kama ngoma. Jumamosi jioni alisimama mbele ya mashine dukani kwa dakika kumi, watu wamepanga foleni nyuma yake, anamsalimu kila mmoja "Moin". Chupa 47. Euro kumi na moja na senti 75. Kile kikaratasi cha risiti alikipiga picha kabla ya kukibadilisha.

Jumamosi hiyo nilisahau jambo ambalo kila mhamiaji hapa hulisahau mara moja tu: Jumapili maduka yamefungwa. Friji ilikuwa na yai na nusu limau. Nilipomwambia Somo kwamba kesho hakuna duka lolote la chakula lililo wazi mtaani, alidhani kuna msiba wa kitaifa. Ikabidi nimpeleke mahali pekee panapofaa, soko la samaki la Jumapili, ambalo lipo tangu 1703. Wakati wa joto linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na saa tatu na nusu asubuhi limekwisha, ili zamani watu wawahi kanisani.

Ukifika pale alfajiri, nusu ya watu wameamka na nusu hawajalala. Hawa wa pili wametoka kwenye madansi ya Reeperbahn, wanakula samaki na kucheza muziki ndani ya ukumbi wa mnada. Nje, juu ya magari, wanaume wenye sauti za mchanga wananadi. Mmoja ameshika kikapu anatia ndizi, anatia nanasi, anatia zabibu, anapiga kelele, anaongeza embe, bado euro kumi, anaongeza tena. Somo alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu atue nikaona uso wake umefunguka wote.

"Huyu," akasema, "mtu wa Karume."

Mimi nikatoa pochi. Akanipiga kikofi mkononi. "Saa ngapi wanafunga?" Tatu na nusu. "Basi kaa." Tukakaa saa tatu nzima, mvua nyembamba ya Hamburg inanyesha isiyolowesha wala isiyokauka, mimi napiga picha kila kitu, Somo amemganda yule bwana na macho. Saa tatu na dakika ishirini bei zilianza kuanguka kama maembe kwenye upepo wa kusi. Somo akaingia kazini. Alibishana kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kijerumani cha bandarini, wakaelewana kuliko ninavyoelewana na mwalimu wangu. Tuliondoka na kreti mbili za matunda, na juu ya hizo, kwa euro nane, mti. Ndiyo, mti, ndani ya chungu, jamaa ya mnazi, urefu wa mtoto wa darasa la nne. "Chumba chako kimenyongea," akaniambia. "Kinataka mwenzio."

Kwenye treni tulikuwa kama watu wanaohama. Nikawa namwelekeza Somo, kwa sauti ya dada mkubwa, kwamba huku stesheni hazina geti, watu huaminiwa, lakini tiketi lazima, maana wakaguzi huvaa nguo za kiraia. Nilikuwa sijamaliza sentensi, kijana aliyekuwa amekaa mbele yetu na vifaa vya masikioni akasimama, akatoa kitambulisho. Somo akatoa tiketi yake ya karatasi, safi, "Moin". Mimi nikatoa simu. Simu ilikuwa imezima. Tangu alfajiri napiga picha, na tiketi yangu ya mwezi inaishi ndani ya simu.

Euro 60.

"Mwambie thelathini," Somo akasema.

"Faini haina mapatano, somo."

"Umewahi kujaribu?"

Alijaribu yeye. Akampa kijana ndizi, kijana akakataa kwa heshima. Akamwonyesha mti. Akamhesabia sarafu zake za chupa mkononi. Kijana aliandika tu. Somo alipoona jina kwenye ile karatasi akashtuka kuliko mimi. "Jina langu hilo! Wasije wakanizuia uwanja wa ndege kwa deni lako!" Jumatatu nilipeleka tiketi ikaonekana halali, wakanipunguzia, lakini siku zote zilizobaki alikuwa akitembea na pasipoti kifuani.

Tulifika nyumbani nimechoka, nikaingia bafuni. Maji yanatiririka, nikasikia: ndu. Ndu. Ndu. Nikadhani ni moyo wangu. Halafu nikakumbuka kinu. Siku ya Jumapili, mchana, katika nchi ambayo Jumapili hata ukuta hautobolewi, Somo amekaa sakafuni anatwanga thomu na tangawizi juu ya kichwa cha bibi wa ghorofa ya tatu.

"Somo! Acha! Jumapili!"

Hodi ikapigwa mlangoni.

Nitasema ukweli: nilizima maji nikajibanza nyuma ya pazia la bafu. Nikasikia mlango unafunguliwa. "Moin!" Kimya. "Moin," sauti nyembamba ikajibu. Kisha ile sauti ya simu inayosoma Kijerumani kwa ukakamavu, Somo amewasha programu ya kutafsiri. Kisha kicheko. Vicheko viwili.

"Somo, toka bafuni," akaniita. "Bibi anauliza kama humu ndani kweli anaishi mtu, maana yeye hajawahi kukuona."

Nikatoka na taulo. Bibi ameketi kitandani kwangu, anakula ubuyu, midomo imekuwa myekundu. Akaniangalia kama mtu aliyepata kitu alichokwishakata tamaa nacho. Akasimama, akashuka ngazi, akarudi na kifurushi chenye stempu za Tanzania.

Miezi minane alikuwa nacho. Mleta barua alikuja mimi nikiwa kazini, bibi akapokea akatia saini, na kwa kuwa saini ni yake hakuthubutu kukiacha mlangoni. Akabandika kikaratasi: tafadhali, kifurushi chako kiko kwangu! Akabandika cha pili, cha tatu. Akapiga hodi. Kila akija hasikii mtu ndani, hatua hakuna, redio hakuna. Ile twangatwanga ilikuwa sauti ya kwanza kuisikia kutoka kwangu, akakimbilia ngazi kabla sijatoweka tena.

Nikamgeukia Somo. Nilikuwa na maelezo. Sijui yangekuwa yapi, lakini yalikuwa yanakuja.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Doti mbili, nyekundu na nyeusi, bado zina wanga. Nikaitandaza moja kifuani, nikasoma jina: WANG'ARA NJE, NDANI TWAKUJUA.

"Miezi minane," Somo akasema, akimpakulia bibi pilau, "najua hukuzipata. Mtu akitumiwa kanga ya jina hilo hajibu 'zimenikaa kweli kweli'. Angenipigia simu kunitukana."

Bibi akaniomba nimtafsirie. Nikamwambia ni maneno ya heri.

Siku ya kuondoka tulishuka ngazi kwa viatu, tena kwa kishindo. Mti tuliuacha dirishani, bibi ndiye anaumwagilia nikiwa zamu ya usiku. Stesheni kuu, treni ya S1 ilipoingia, nikaelekea mlango uliokuwa karibu yangu. Somo akanivuta mkono. "Mabehewa ya mbele, mwenyeji," akasema.

Usiku ule, yuko Istanbul anasubiri ndege ya pili, nikafungua stetasi yake. Nilitegemea kuona chumba changu, au ile kadi ya viti vya kijivu. Ilikuwa picha moja tu, niliyompiga mwenyewe pale baraza ya juu ya Elbphilharmonie, mtandio unapepea, vioo nyuma, bandari yote chini. Ameandika: "Barazani kwa somo wangu, Hamburg. Ujenzi peke yake umekula euro milioni 866. Mungu ampe maisha marefu."

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, Tanga. Anatweta kidogo, kama mtu aliyekuwa akitembea nyumba kwa nyumba kuonyesha kitu.

"Mwanangu, Somo katuonyesha nyumba. Mashallah, tabarakallah. Basi nimeshamwita fundi, yuko hapa juu ya paa, anapima bati za uani. Msemeshe mwenyewe."